Saa kumi na tisa Las Vegas, halafu nyumbani

Sikupanga kupita Las Vegas kabisa, tiketi ya bei nafuu ndo ilinipeleka, ndege ya kwanza inatua mchana na nyingine inaondoka kesho yake asubuhi, nikasema basi hayo masaa kumi na tisa sitayamalizia kwenye kiti cha eapoti.

Ukishuka tu kwenye ndege, hata begi hujachukua, unakutana na mashine za kamari zimejipanga pale watu wanaposubiri ndege zao, zinalia na kuwaka, na kuna mtu ameshika mfuko wa mkononi huku mkono mwingine unabonyeza. Nilisimama nikamwangalia baba mmoja mpaka ndege yake ikaitwa, akabonyeza mara tatu tena ndo akanyanyuka.

Dereva wa teksi alikuwa Mhabeshi, tukazoeana haraka. Tulipofika ile barabara maarufu wanayoiita Strip akaniambia dada yangu hapa unapoona taa zote hizi siyo Las Vegas, na ni kweli, sehemu kubwa ya Strip iko nje ya mpaka wa jiji, eneo lenyewe linaitwa Paradise. Jiji la zamani liko kaskazini, lilianza 1905 viwanja vilipopigwa mnada pembeni ya reli, kamari yenyewe ikaja kuruhusiwa jimbo la Nevada 1931.

Usiku nikatembea. Pale hoteli ya Bellagio maji yanaruka juu yakifuata muziki, watu wamejaa ukutani wanaangalia bure, mimi nilikaa pale mizunguko minne jamani, miguu inauma na sitaki kuondoka, maana ukikumbuka uko katikati ya jangwa yale maji yanakushangaza zaidi. Ndani ya kasino sikuona saa wala dirisha, na hewa ni ya baridi muda wote. Nilisimama kwenye meza ya ruleti, ule mchezo wa kubahatisha mpira utatua namba gani, bila kucheza. Gurudumu la pale kwa kawaida lina nafasi 38, namba 1 mpaka 36 halafu 0 na 00. Ukiweka dola moja kwenye kila nafasi umetoa dola 38, mpira ukitua popote unarudishiwa 36, hizo mbili zimebaki kwa mwenye meza. Hakuna anayeibiwa, hesabu iko wazi kabisa, na meza nyingine zina sifuri tatu ndo mbaya zaidi. Ila kijana mmoja pembeni yangu alikuwa anaandika namba zilizotoka kwenye karatasi kama vile mpira unakumbuka ulikotua jana, nikatamani nimshike mkono nimtoe nje.

Sasa kilichonishika roho siyo hayo. Yule dereva alinisisitiza kabla hujalala nenda Neon Museum, huko ndo wanapohifadhi mabango ya zamani ya mahoteli na kasino, yametandazwa nje juu ya changarawe, mengine yana kutu na mengine yamewashwa upya. Kuna la Moulin Rouge, maandishi ya kuzungukazunguka kama mwandiko wa barua. Hiyo hoteli ilifunguliwa Mei 1955 upande wa magharibi, na ndo ilikuwa hoteli ya kwanza yenye kasino pale kupokea weusi na weupe pamoja. Kabla ya hapo mwanamuziki mweusi anaimba Strip, ukumbi umejaa, anapigiwa makofi, show ikiisha anatolewa, hana chumba kwenye hoteli hiyohiyo, inabidi aende Westside, mtaa wa weusi, akapange kwenye nyumba ya mtu. Sammy Davis Jr. yalimkuta, Nat King Cole yalimkuta.

Moulin Rouge haikumaliza hata mwaka, ikafungwa miezi michache tu baadaye. Lakini 1960, wanaharakati walipotishia kuandamana Strip, makubaliano ya kuacha ubaguzi kwenye kasino yalifikiwa humohumo kwenye jengo lake. Na aliyechora yale maandishi ni Betty Willis, mama huyohuyo aliyechora lile bango la 1959 la kukaribisha wageni ambalo kila mtu anapiga nalo picha! Watu wanapanga foleni juani kwa lile moja, hili lingine nilikuwa nimesimama nalo na watu wasiozidi kumi.

Baba yangu anampenda Nat King Cole kuliko mwimbaji yeyote duniani. Tumekua na ile sauti kila Jumapili, santuri imechoka inakwaruza lakini haibadilishwi. Kwa hiyo alfajiri nikiwa nimeshakaguliwa eapoti, mashine zinalia nyuma yangu, nikampigia nikamtumia na picha ya lile bango nikamwelezea yote. Akanyamaza sana nikadhani mtandao umekata. Halafu akauliza, "Sasa akimaliza kuimba alikuwa analala wapi?" Nikamwambia kwa watu, baba, watu wa mtaani walikuwa wanampokea. Akasema, "Hao watu wa mtaani wana majina? Umeyaona yameandikwa mahali?"

Sikuyaona, na sikuyatafuta, ndo kitu ninachojuta. Wakaanza kuita ndege yetu, akaniambia safiri salama mwanangu, ukifika utanisimulia tena kuanzia mwanzo.