Askofu Barbara Harris, aliyeanza kwa kubeba msalaba

Kila ninapomfikiria Askofu Barbara Harris, humwona kwanza akiwa mlei, ametangulia msafara wa ibada huku ameushika msalaba kwa mikono miwili. Ilikuwa tarehe 29 Julai 1974, katika Church of the Advocate mjini Philadelphia, siku ambayo wanawake 11 waliwekewa mikono kuwa makasisi ilhali Kanisa la Kiepiskopali la Marekani, tawi la Kianglikana nchini humo, lilikuwa bado halijaruhusu jambo hilo. Nilibeba msalaba kanisani nikiwa kijana, na ninajua kwamba anayetangulia ndiye anayekutana na macho ya watu kabla ya askofu aliye nyuma kabisa.

Alizaliwa mjini humo mwaka 1930. Riziki yake kwa miaka mingi ilitokana na kazi ya uhusiano wa umma, ikiwemo katika kampuni ya mafuta ya Sun Oil, na wakati huohuo alihudumia wafungwa na kushiriki maandamano ya Selma ya kudai haki ya weusi kupiga kura. Alipata ushemasi mwaka 1979 na ukasisi mwaka 1980, katika umri ambao wengi huanza kuhesabu miaka ya kustaafu.

Dayosisi ya Massachusetts ilipomchagua kuwa askofu msaidizi, Septemba 1988, maneno yalikuwa mengi: kwamba ni mtalaka, kwamba hana shahada ya seminari, kwamba ulimi wake ni mkali mno. Sikatai kuhusu ulimi. Lakini wengi wa waliotaja shahada, kwa maoni yangu, walikuwa wakizunguka mbuyu, kwa sababu kilichowakera ni kwamba angekuwa mwanamke wa kwanza kuwa askofu katika Ushirika wote wa Anglikana, na tena mweusi.

Vitisho vilikuwa vya kweli kiasi kwamba polisi wa Boston walimpa fulana ya kuzuia risasi aivae ndani ya mavazi yake siku ya kuwekwa wakfu. Akaikataa. Tarehe 11 Februari 1989, mbele ya watu wapatao 8,000, wapinzani wawili walipewa nafasi ya kusema, wakasikilizwa, kisha ibada ikaendelea. Altareni alikuwepo pia Florence Li Tim-Oi, bibi mzee aliyepewa ukasisi nchini China mwaka 1944, wa kwanza kati ya wanawake wa Kianglikana. Laiti ningekuwepo kuwaona wawili hao wamesimama pamoja.

Harris alitumikia dayosisi ya Massachusetts hadi alipostaafu mwaka 2002, akafariki Machi 2020 akiwa na miaka 89. Miezi 10 baadaye, Januari 2021, Emily Onyango aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa Bondo, mwanamke wa kwanza kuwa askofu katika Kanisa Anglikana la Kenya.