Aiskrimu ya Maziwa Yaliyoungua

Maziwa yameungua jikoni asubuhi hii. Kila aliyepita mlangoni amekunja pua, mimi nikavuta pumzi na kujikuta Oaxaca, kusini mwa Meksiko.

Safari za namna hiyo mnazifahamu: mabasi, mizigo, ugomvi wa ramani. Hayo nayaacha. Nataka ile saa tuliyokaa Jardín Sócrates tu, kibustani kilicho ubavuni mwa kanisa la Basilika ya Soledad. Pale vibanda vya aiskrimu vimepangana, kila kimoja na ubao wake: maua ya waridi, mezkali (pombe kali ya Meksiko), tunda la mpungate, ule mmea wa miiba wa nchi kame, na leche quemada, maziwa yaliyounguzwa makusudi. Mwenzangu alichukua waridi. Mimi macho yalikwama kwenye mikono ya mama aliyekuwa akitengeneza.

Mtungi mrefu wa chuma ulisimamishwa ndani ya pipa la mbao, na nafasi kati yao ikajazwa tabaka la barafu iliyovunjwa, tabaka la chumvi ya mawe, tena barafu, tena chumvi. Mota hakuna. Mama alishika mtungi kwa juu, akauzungusha kushoto na kulia, kisha akafungua kifuniko na kukwangua ukuta wa ndani kwa mwiko mrefu. Kilichoganda akakirudisha katikati, akafunika, akaendelea. Kazi yote ya aiskrimu iko hapo. Chembe za barafu huanzia ukutani kwenye baridi kali, na ukiziacha hukua hadi ulimi unazihesabu. Anayekwangua mapema na mara kwa mara hupata ulaini.

Chumvi nayo haina uchawi. Huifanya barafu iyeyuke chini ya nyuzi sifuri, na barafu ikiyeyuka lazima inyonye joto mahali. Palipo karibu ni mtungi. Kilo moja ya chumvi kwa kilo tatu au nne za barafu hukufikisha karibu na nyuzi 20 chini ya sifuri. Baada ya 21 hivi haishuki tena, hata umwage gunia. Maji ya chumvi yanayojikusanya usiyamwage yote, kwani hugusa mtungi pande zote kuliko vipande vya barafu. Yasifikie kifuniko tu. Yakipenya ndani, umekwisha.

“Mama, maziwa unayaunguza kiasi gani?” nilimuuliza kwa Kihispania cha kuokoteza.

“Kahawia,” akasema. “Yakiwa meusi, namwaga.”

Kwa anayetaka kujaribu, mimi hufanya hivi. Kwa lita 2 za maziwa yenye mafuta yake yote, nusu lita ndiyo ya kuunguza: sufuria nzito, moto mkali, bila kukoroga, mpaka chini pashike ukoko wa kahawia na harufu ya moshi ipande. Ukoko usiuguse. Chuja maziwa hayo kwenye sufuria nyingine, ongeza lita moja na nusu iliyobaki, sukari gramu 320 hadi 350 na kijiti cha mdalasini, uchemshe polepole robo saa. Onja: yakiwa bado na joto lazima yawe matamu kupita kiasi, kwa sababu baridi huzima utamu. Ukipunguza sukari kwa kuyahurumia meno, utakula jiwe, maana sukari ndiyo inayozuia maji yote yasigande. Mezkali ina kazi hiyohiyo, tena kwa nguvu zaidi. Vijiko viwili vya chakula kwa lita vinatosha, ukizidisha unabaki na uji. Mchanganyiko ulale kwenye friji usiku kucha kabla ya kuingia mtungini.

Nilipewa glasi moja yenye vyote viwili, maziwa upande huu na mpungate mwekundu upande ule. Mpungate haupikwi, joto huiua rangi yake. Husukumwa kwenye chujio kwa kijiko na kutiwa ndimu. Mashine ya kusagia huvunja mbegu na kuacha changarawe.

Kijiko cha kwanza hakikuwa na moshi. Baridi, sukari, mdalasini kidogo, nikahisi nimeuziwa jina. Kisha kikayeyuka, na moshi ukanijia puani kupitia nyuma ya koo. Kitu kilichoganda huibana harufu yake hadi kipate joto la mdomo, ndiyo maana jelato, aiskrimu ya Italia, hutolewa kwenye nyuzi 12 hivi chini ya sifuri badala ya 18 za friza ya nyumbani. Nikala mpungate, ukafuta kila kitu. Nikarudi kwenye maziwa, moshi ukaanza upya, na sasa nilikuwa nausubiri.

Baadaye tulipita Dolores Hidalgo, mji wa jimbo la Guanajuato unaosifika kwa aiskrimu za kamba wa baharini na za ngozi ya nguruwe iliyokaangwa. Watu walipiga picha, wakaonja ncha ya kijiko, wakanunua embe. Nami nikacheka pamoja nao. Sijui kama nilitenda haki. Huenda na kamba wale wana mama yao anayejua anachofanya, ila sikukaa kumtazama mikono.

Mwenzangu, siku ile ya Oaxaca, alilamba waridi lake hadi mwisho, akatangaza kwamba lina ladha ya sabuni, akaenda kuagiza lingine.