Mwaka wa nne Matema, na bado siondoki

Watu wa Mbeya mjini nikiwaambia naishi Matema, huku mwambaoni mwa Ziwa Nyasa, swali ni lile lile, "unafanya hoteli gani?" Wanaijua Matema ya Pasaka, ya kushuka Jumamosi na familia, kuogelea, kuchoma samaki, kupiga picha, Jumapili jioni wamesharudi. Mimi nauza vitenge na nyuzi, hoteli siijui, na mwaka huu ni wa nne. Leo nataka niiseme hii Matema nyingine maana naipenda kwakweli.

Safari yenyewe kwanza. Unatoka Mbeya kwenye kama mita 1,700 na sweta lako, Isongole bado baridi, Tukuyu migomba na chai kila upande, halafu unashuka unashuka masikio yanaziba, Kyela sweta umeshavua na unapita kwenye mpunga na kokoa, ukifika ziwani uko kama mita 475 tu. Siku ya kwanza nilipoona Milima ya Livingstone inavyoshuka mpaka kwenye maji nilishindwa hata kumjibu aliyekuwa ananiuliza mizigo.

Wageni wanaona ufukwe, ila kwa watu wa huku ziwa ni barabara tangu zamani. Hata Wajerumani walianzia majini, mwaka 1893 meli yao ya Hermann von Wissmann iliingia kazini na boma lao la Langenburg likawa huku huku mwambaoni, baadae wakapanda kwenye ubaridi na Tukuyu ikaitwa Neu Langenburg. Hiyo meli ndio ilipigwa na Waingereza Agosti 1914 kule Liuli, imepandishwa nchi kavu inatengenezwa, na nahodha wake alikuwa hata hajasikia kwamba vita imeanza! Moja ya mapigano ya mwanzo ya majini ya vita ile kuu huku kwetu lilikuwa kwenye ziwa hili ninalofulia nguo.

Sasa njoo Jumamosi, mnada wa Lyulilo, hapa jirani. Mitumbwi inaingia kutoka kijiji cha Ikombe imepangwa vyungu mpaka unajiuliza mpiga kasia kakaa wapi. Wakisi, ndio watu wa huko Ikombe, wamebanwa kati ya mlima na maji, sehemu ya kulima ni ndogo sana, kwahiyo akina mama wakashika udongo, wanafinyanga kwa mkono bila mashine yoyote, na vyungu vyao vinapanda mpaka masoko ya Mbeya. Ukipikia maharage kwenye chungu cha Ikombe sufuria utaiona haina maana. Mimi nimejifunza kwa bibi mmoja kukigonga kwa kidole kabla ya kununua, kikilia vizuri ni kizima, kikitoa sauti nzito kina ufa. Aliponifundisha nilikuwa namwamkia "ugonile" kama naongea na mtoto mwenzangu, akanishika mkono akasema mwanangu, mkubwa unamwambia "mugonile". Tangu siku hiyo ananiwekea chungu pembeni.

Sio kila kitu kizuri. Mvua za Aprili zinatesa, malaria ipo, lala kwenye neti kila siku. Kuanzia Juni upepo wa kusini ukikaza mawimbi yanakuja kama ya baharini, ziwa lenyewe refu na kina kinafika kama mita 700, wavuvi wanakaa nchi kavu na siku hizo usipa, wale samaki wadogo wa ziwa hili, hauonekani, tunakula wali wa Kyela na maharage tu.

Kinachoniuma ni kingine. Njia niliyokuwa napita kushuka kuchota maji ilizungushiwa ukuta mwaka jana, mwenye kiwanja hata hakuongea na mtu. Siwapingi wenye hoteli, vijana wengi wa hapa wanapata kazi na mimi mwenyewe wageni wananunua vitenge, lakini mama wa Ikombe na mtumbwi wake anahitaji mchanga wa kushushia vyungu, ukimziba anashukia wapi? Hili naomba wenye viwanja walifikirie kabla ya kumwaga zege.

Kesho ni Jumamosi. Bibi aliniagizia nyuzi nyeusi na mimi nimemwagiza chungu kikubwa cha maji, kile cha kuweka pembeni ya mlango, maana yakikaa humo usiku kucha asubuhi yana ubaridi kama wa Tukuyu.