Pampu Zilikuwa Bado Zinavuta

Somo: Matendo 27:21-44

Bwana asifiwe, wapendwa.

Ukifika mstari wa 41, merikebu iliyombeba Paulo imekwama; tazama omo, yaani mbele yake, na tezi, yaani nyuma yake. Omo imekwama, imetulia tuli. Tezi inavunjwa na mawimbi. Ndivyo chombo kilichopanda mwamba kinavyokufa: upande mmoja umeshikwa, mwingine unaning'inia majini, kila wimbi linaunyanyua na kuubwaga mpaka mgongo ukatike.

Tarehe 12 Septemba 1869, meli ya mvuke Carnatic ya kampuni ya P&O iliondoka Suez kwenda Bombay na abiria 34, mabaharia 176, pamba, barua na dhahabu ya pauni 40,000. Saa saba usiku wa kuamkia tarehe 13 ikapanda mwamba wa Abu Nuhas, katika Bahari ya Shamu. Abiria wakaomba wapelekwe kisiwa cha Shadwan. Nahodha Jones akakataa: pampu zilikuwa zinayamudu maji, na Sumatra, meli ya kampuni hiyohiyo, ilitarajiwa kupita. Kushusha mashua kando ya mwamba si mchezo. Hesabu yake haikuwa ya kijinga.

Ila pampu zile zilikula mvuke, mvuke hutoka kwenye boila, na boila hukaa chini, maji yanakotangulia kufika. Mkopo unaolipa mkopo ni pampu ya namna hiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 14, saa nane, maji yakazima moto wa boila, pampu zikanyamaza. Saa tano asubuhi, watu wakiwa ndiyo kwanza wanaingia mashuani, meli ikakatika vipande viwili. Wakafa 31. Jones alisimamishwa unahodha miezi tisa.

Paulo alisema mapema, mstari wa 22: merikebu itapotea, watu hawatapotea. Tangu hapo vitu vinaachiliwa kimoja kimoja: mashua (32), ngano (38), nanga (40). Wala usidhani mashua ndiyo wokovu. Ile ilikatwa kwa sababu mabaharia walitaka kutoroka nayo peke yao. Watu 276 wakafika pwani wote, wengine juu ya vipande vya merikebu yenyewe.

Waliosalimika wa Carnatic walifika Shadwan kwa mashua zilizobaki. Marobota ya pamba yalikuwa yameelea hadi ufukweni. Wakayawasha moto, na Sumatra ikawaona.