Nilivyosoma historia na Kilatini katika chuo kidogo

Chuo nilichosoma kiko katika mji mdogo wa Ohio, Marekani. Nilikwenda kusoma historia; Kilatini nilikiongeza kwa sababu nilitaka kuwasikia Warumi wenyewe, si kusimuliwa habari zao. Shangazi aliniuliza kwenye simu, "Mwanangu, hicho Kilatini kitakupa kazi gani?" Nikamjibu, "Bado sijajua, shangazi, ila nakipenda."

Darasani tulikuwa wachache, kwa hiyo kila kipindi kila mtu alipewa sentensi yake aisome na kuifafanua. Usipojiandaa usiku, asubuhi unaonekana.

Kiswahili kilinibeba sana. Wenzangu Wamarekani walihangaika kuona neno moja limebeba mtenda, wakati na kitendo. Mimi nasema "tutapeleka" tangu utotoni, hivyo "mittemus" haikunitisha: "tu" yetu iko mwanzoni, "-mus" yao iko mwishoni. Upatanisho nao ulinijia upesi, maana aliyezoea "viti vile vya zamani vimevunjika" hashangai kivumishi kikifuata nomino yake. Kazi ilikuwa kwenye miisho ya nomino, inayobadilika kutegemea nani katenda na nani katendwa. Hapo nilikariri kwa sauti, kila siku, hadi ikakaa.

Maktaba ilikuwa na vile vitabu vyekundu vya Loeb, Kilatini kushoto na Kiingereza kulia. Nilifunika ukurasa wa kulia kwa karatasi, nikatafuta kitenzi kwanza, kisha mtenda, ndipo nikafunua kujisahihisha.

Masomo haya mawili yalikuja kuwa kitu kimoja nilipochagua mada ya tasnifu: barua ya 96 katika kitabu cha 10 cha barua za Plinius Mdogo. Aliiandika mnamo mwaka 112 akiwa gavana wa Bithinia na Ponto, kaskazini mwa Uturuki ya leo, akimwomba Kaisari Traianus mwongozo kuhusu Wakristo. Humo anaeleza kwamba aliwatesa wajakazi wawili waliokuwa na wadhifa wa uhudumu miongoni mwa waumini. Majina yao hakuyaandika. Sentensi ile ilinikaa rohoni: tunayoyajua juu ya wanawake wale tumeyapata kwa mtu aliyewatesa.

Hoja yangu ilikuwa kwamba watu ambao kwa sheria ya Roma walikuwa mali ya bwana wao, kwa waumini wenzao walikuwa na cheo. Traianus alijibu kwamba Wakristo wasisakwe na mashtaka yasiyo na jina la mshtaki yasipokelewe. Juu ya wajakazi hakugusia lolote.

Siku ya utetezi mwalimu wa historia aliniuliza kwa nini nimwamini gavana aliyewadharau watu hao. Nikamjibu kwamba ndiyo sababu hasa: Plinius aliuona Ukristo kuwa ushirikina mtupu, na hakuwa na faida yoyote ya kuwapa wajakazi cheo ambacho hawakuwa nacho.