Kuishi Paje: upepo, maji, na njia ya kushukia pwani

Watu wakisikia naishi Paje, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, huuliza mambo mawili tu, kodi shilingi ngapi na je sichoki na wageni. Kodi kubwa, hilo halina ubishi, nyumba nyingi huku zilikuwa zikipangishwa kwa dola. Wageni sichoki nao hata kidogo. Mie nimetoka mjini nikaja huku kwa sababu napenda kuwa nje, kukimbia alfajiri, baskeli, kuogelea, na sasa kaiti, ule mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa ubao ukivutwa na tiara kubwa, imeniingia kichwani haitoki, na kazi yangu ya kompyuta, almuradi intaneti ipo na umeme haujakatika naweza kuifanya popote. Basi nikapata fleti ndogo kwenye moja ya haya majumba mapya yenye swimingipuli katikati na mlinzi getini. Majirani zangu Wataliano, Wapolandi, Wakenya, dada mmoja wa Dar anafundisha yoga, na takriban wote wamefuata kitu kimoja: upepo.

Rafiki yangu yuko Arusha, kila asubuhi anafungua dirisha anautazama Meru, mita 4,566, ananitumia picha na kuniuliza nyie wa visiwani mnapanda nini. Hatupandi kitu, Unguja yote sehemu ya juu kabisa ni huko Masingini na ni mita mia na kidogo tu. Lakini maisha ni yale yale, watu wenye pesa zao wanaamua kuishi karibu na pahala pazuri pa kucheza, na wale waliokuwepo tokea zamani wanaamka siku moja wanakuta wana majirani wapya.

Kwa asiyejua, huku tuna misimu miwili ya upepo. Kusi inachachamaa kuanzia Juni mpaka Septemba hivi, inakuja kutoka kusini mashariki, nzito, ya baridi kidogo, siku nyengine inavuma kutwa. Kaskazi inaingia kama katikati ya Disemba mpaka Februari, joto kali, maji ya moto, anga safi. Ndio pepo zile zile zilizoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi na kuyarudisha, leo zinavuta makaiti ya rangi rangi. Na Mungu ameipa Paje mwamba uko mbali kule unakata mawimbi, huku ndani maji ya kiunoni na chini mchanga, kwa hiyo anaejifunza akianguka anasimama anaanza tena. Katikati ndio masika, Aprili na Mei, hoteli kadhaa zinafunga, barabara za ndani zinajaa madimbwi, na mie naupenda sana wakati huo maana kijiji kinarudi kuwa kijiji.

Ila bwana mkubwa wa huku ni maji. Bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mwandamo, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa inafika kama mita nne, maana yake asubuhi unaona bahari na mchana unaona uwanja, unatembea kwa miguu mpaka karibu na mwamba. Kila siku saa za maji zinasogea mbele kama dakika 50. Majirani zangu wageni wana programu kwenye simu za kuwaambia, watu wa hapa wanautazama mwezi wanakujibu.

Maji yakipwa ndio utawaona wenyewe. Kilimo cha mwani kilianza huku Paje na Jambiani mwaka 1989 na mpaka leo kiko mikononi mwa wanawake zaidi. Wanashuka na kanga zimefungwa kiunoni, vijiti vimechomekwa mchangani safu kwa safu, kamba imekazwa baina yake, na kwenye kamba kimefungwa kimwani kimoja kimoja kwa taitai, vile vikamba vidogo vya kufungia. Kufunga tu hiyo kazi, mgongo umepinda, jua la utosini, maji ya magotini. Kama mwezi na nusu hivi ndio unavuna, unakausha, unauza kwa kilo, na bei hapangi mkulima mwenyewe. Kuna mwani wa bei nzuri zaidi wanauita kotonii, ule unataka maji yaliyopoa, na maji ya ukingoni yamekuwa ya moto kupita kiasi kwa hiyo unakufa, wakulima waliobaki wengi wanalima aina nyengine, spinosumu, ambayo bei yake chini.

Sasa chukua uwanja huo huo, maji yakaanza kujaa na upepo ukakaza. Mtu wa kaiti ana kamba nne za zaidi ya mita 20 na ubao chini ya miguu, akipita juu ya safu za mwani anang'oa vijiti, na kamba ikimkuta mtu alieinama inakata. Siku moja nimebeba kaiti yangu begani nashuka nikakutana na bibi mmoja anapandisha gunia la mwani. Nikamwamkia, shikamoo bibi. "Marahaba mwanangu. Na wewe unarusha?" Nikamwambia ndio najifunza. Akalitua gunia. "Basi wewe unaejua kusema nao waambie, pale penye vijiti ni shamba. Mtu hapiti shambani kwa mwenzake." Akaniomba nimtwike gunia, nikamtwika, akaenda zake.

Nimewaambia, na kusema kweli wengi wanasikia. Skuli kadhaa za kaiti zinaanza somo la kwanza kwa kumwonesha mwanafunzi mashamba yako wapi kabla hajagusa kamba, na vijana wengi wanaofundisha ni watoto wa hapa hapa, mama zao ndio wenye mwani. Kijana wa Paje ambae leo anamfundisha Mholanzi kusimama juu ya ubao, mie huyo namwonea fahari kuliko jengo lolote lililojengwa huku.

Linaloniumiza ni njia. Baina ya majengo kulikuwa na vichochoro vya kushukia pwani, vya mchanga, upana wa gari ya ng'ombe. Jengo moja sitolitaja limezungusha ukuta mpaka kichochoro kimebaki upenyo wa mtu mmoja, na karibuni wakatia geti, mlinzi anauliza unakwenda wapi. Anamuuliza mwanamke mwenye gunia la mwani kichwani! Wakubwa wa jengo wanasema usalama wa wakaazi. Mie mkaazi, na kwangu usalama ni pale watu wanaponijua na kunisalimia njiani. Ardhi ya Zanzibar ni ya umma, iko chini ya serikali, sheria ya mwaka 1992 imesema hivyo, mgeni anapewa kwa kukodi kwa miaka, kwa hiyo hata hao wenye hati nzuri kabisa wamepewa matumizi tu. Na hicho kilichowaleta, huo uwanja wa maji, hakimo ndani ya hati ya mtu yeyote.

Halafu maji ya kunywa. Huku kote ni maweni, jiwe tupu, hamna mto, tunategemea maji ya chini ya ardhi, ukiyavuta mno karibu na pwani yanaingia chumvi. Kila swimingipuli mpya inanipa mawazo.

Sisemi wasije. Mie mwenyewe nimekuja. Na mfano wa kufanya mambo vizuri tunao jirani tu, Jozani, napanda baskeli nafika, barabara yenyewe haina mlima. Ni hifadhi ya taifa tokea 2004, kima punju wamo mle, hao hawapatikani popote duniani ila Zanzibar, na ukimaliza unapita kwenye daraja la mbao ndani ya mikoko, kaa wanakimbia chini ya miguu yako. Zamani wakulima wa pembeni walikuwa wanawachukia kima kwa kuwa wanakula mazao yao. Sehemu ya kiingilio cha watalii ikawa inarudi vijijini na kwa wenye mashamba, na leo mkulima ana sababu ya kumwacha kima ale. Kwa nini hilo lisiwezekane pwani? Kila fleti inayouzwa kwa sababu ya upepo, kitu kidogo kiende kwenye kisima cha kijiji na kwenye vikundi vya mwani, na vichochoro viandikwe kwenye ramani viwe njia za wote, hakuna wa kuvitia geti.

Sheha, kiongozi wa serikali hapa kijijini, ameitisha kikao cha hizi njia Jumamosi baada ya sala ya alasiri, hapa hapa Paje. Nimebandika tangazo kwenye lifti ya jengo letu kwa Kiswahili na Kiingereza, na yule dada wa yoga na Mpolandi wa ghorofa ya juu wameshasema wanakuja. Walioko Jambiani na Bwejuu wenye shida hii hii ya njia karibuni, daladala inakushusha njia panda ya Paje, ukifika uliza kikao kiko wapi utaoneshwa.