Masaa manne juu ya tope la Mikindani

Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni kiasi cha kilomita 560. Kiti nilichopewa kilikuwa juu ya tairi, magoti kifuani safari nzima, na nauli yake ni ileile ya waliokaa mbele wakanyoosha miguu. Siku mbili za kwanza mjini zilipita bila jambo. La kusimulia ni asubuhi ya siku ya tatu, bamvua la mwezi mwandamo, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, katika mkono mwembamba wa bahari unaoingia mikokoni upande wa Mikindani.

Nilikwenda kupima mkondo, nijue kama unaweza kuzungusha mashine ndogo ya kufua umeme. Nahodha alitaka shilingi 60,000, tukaafikiana 45,000. Kwamba mafuta ya mashine yalikuwa juu yangu alinieleza tukiwa tumeshang'oa nanga.

Kupima hakutaki vifaa vya gharama. Tulichomeka miti miwili ukingoni, mita 20 kati yake, tukatupa dafu katikati ya maji na kuhesabu sekunde. Dafu linafaa kuliko chupa tupu kwa sababu huzama karibu lote, hivyo upepo haulisukumi. Tupa mara tatu, chukua wastani, kisha zidisha kwa 0.85, maana maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayokwaruzana na tope. Siku za bamvua pwani hii maji hujaa karibu saa kumi na kupwa karibu saa nne, kwa hiyo kasi kubwa huja katikati, kwenye saa moja. Saa moja ile dafu lilipita mita 20 kwa sekunde 16. Ni mita 1.25 kwa sekunde juu, na wastani wa kama mita 1.06.

"Mwanangu, maji yanakupwa," nahodha alisema. Nikaomba vipimo vingine vitatu karibu na ukingo. Saa mbili na nusu mashua ikakaa juu ya tope, ikalala ubavu. Upondo ulizama hadi nusu bila kutusogeza hata shubiri moja. Kupwa kulikuwa kumebakiza saa moja na nusu, na maji yalihitaji muda kama huo kurudi pale yalipotuacha, na zaidi kuinua mashua iliyozama topeni. Jua, mbu wa mikoko, chupa mbili za maji, na nahodha ambaye hakulaumu hata kidogo. Aliuliza swali moja tu.

"Hiyo mashine yako itagandisha barafu?"

Hilo ndilo swali la mvuvi, kwa sababu samaki asiye na barafu huuzwa kwa bei ya mnunuzi. Basi tukahesabu. Nguvu ya mkondo hufuata kasi kwa kipeo cha tatu: kasi ikizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nane. Kila mita moja ya mraba ya maji tuliyopima ilibeba kama wati 610. Rafadha, yaani mapanga yanayozungushwa na maji, ya kusimama wima, upana mita 1.5 na kimo mita 1.2, hukinga mita 1.8 za mraba, yaani wati 1,100 hivi. Ikiwa imeundwa vizuri inanasa theluthi moja au pungufu. Ukitoa hasara ya gia na jenereta, zinabaki wati 250. Hiyo ni kasi ya kilele. Mkondo hupanda na kushuka, husimama na kugeuka, kwa hiyo wastani wa siku ni kama wati 100, au uniti mbili na nusu kwa saa 24. Friza dogo lililofungwa vizuri linaweza kuishi na hizo.

Nahodha akafurahi, nami ikabidi nimwambie la pili. Siku saba baadaye ni maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu. Kasi ikishuka nusu, zile wati 250 zinakuwa 31, na rafadha nyingi haziwezi hata kuanza kuzunguka chini ya nusu mita kwa sekunde.

Nimchagulie ipi? Ya kusimama wima, kwa sababu maji yakijaa au yakipwa inazunguka upande uleule, haina haja ya kugeuzwa. Itundikwe chini ya chelezo cha mapipa, jenereta na gia zikae juu pakavu. Majini ziingie mapanga na shafti peke yake. Wanaozamisha jenereta huangushwa na oil sili, ile pete ya mpira inayozuia maji kwenye shafti: mchanga laini hula mdomo wa mpira, maji ya chumvi yanapenya, beringi inakufa. Beringi ya chini iwe ya mti mgumu au plastiki, ilainishwe na maji yenyewe. Kosa la pili ni alteneta ya gari. Rafadha hii hufanya mizunguko kama 34 kwa dakika, alteneta huanza kuchaji ikipita elfu moja, na gia za kuziba pengo hilo hula nguvu yenyewe. Tafuta jenereta ya sumaku za kudumu, ya mwendo wa polepole. Funga vipande vya zinki kwenye chuma ili chumvi ivile hivyo kwanza, uvibadilishe kabla havijaisha. Mwani, nyavu zilizokatika na vile viumbe vidogo vyenye magamba makali hushika mapanga haraka, kwa hiyo yasuguliwe kila maji mafu, wakati ambao hupotezi umeme wa maana.

Kuziba mkono mzima wa bahari kwa ukuta wenye turbini ningekataa. Ukuta wa Rance kule Ufaransa, tangu 1966, una turbini 24 na megawati 240, lakini pale maji hupanda wastani wa mita 8. Bamvua la Mtwara ni mita 3 na kidogo, na nishati ya bwawa hufuata kimo kwa kipeo cha pili: nusu ya kimo ni robo ya nishati, na hapa hata nusu haifiki. Kwa faida hiyo ndogo utaua mikoko na kamba wanaokulia humo, na mashua hazitapita.

Nyumbani kwetu ni Pangani. Mto wetu una mitambo ya Hale, megawati 21, na ule wa Maporomoko ya Pangani, megawati 68, na mwaka wa ukame sote tunajua maana yake. Bahari haina ukame. Jedwali la maji la mwaka ujao linaweza kuchapwa leo, na pale tulipolala ubavu hicho kilinigusa kuliko hesabu zote. Mtwara inatoa gesi ya Mnazi Bay na bomba linaipeleka Dar es Salaam, ila mvuvi wa mikokoni bado ananunua barafu mjini.

"Na wiki ya maji mafu?" nahodha aliuliza tena, miguu ikiwa imezama topeni akikagua mkuku.

Paneli mbili za jua za wati 300 kila moja, nikamjibu, zifungwe kwenye betri zilezile, na barafu ya ziada igandishwe kipindi cha bamvua. Alifikiri kidogo, akauliza bei ya paneli. Saa sita na nusu mashua ikatikisika, akanipa upondo nishike upande wa nyuma.